Mkanda wa Tumbo: Jina Moja, Kazi Tatu

Kamati inapopanga kuzipatia kaya punda wa kubeba maji na mazao, bajeti huonyesha bei ya punda na bei ya mkokoteni. Vifaa vya kumfungia mnyama huandikwa kwa neno moja tu: "matandiko". Neno hilo humtosha mhasibu, lakini halimtoshi fundi. Mkanda unaopita chini ya tumbo una kazi tofauti kulingana na mahali na shughuli.

Kazi ya kwanza ni kushika mzigo wa mgongoni. Katika mji wa Lamu, wenye mitaa myembamba, punda hubebeshwa mizigo mgongoni, na Kiswahili cha pwani kina maneno ya zamani ya vifaa hivyo. Horji ni tandiko nene lililoshonwa, na shogi ni mfuko mpana wa ukili unaoning'inia pande zote mbili. Hapa mkanda hukazwa ili tandiko lisiteleze, ila vidole viwili viweze kupita kati yake na ngozi.

Kazi ya pili ni ya mkokoteni, unaotumika sana bara. Mkanda wa tumbo huzuia miti miwili iliyo ubavuni mwa punda isiinuke mzigo unapoelemea nyuma. Haupaswi kukazwa kama wa tandiko, wala hauvuti chochote. Kinachovuta ni mkanda mpana wa kifuani.

Huku bara maneno mengi yametoka kwenye kilimo cha ng'ombe, na pamoja na neno "nira" wengine wamechukua nira yenyewe. Ng'ombe wetu wa asili ana nundu ya kuizuia nira, punda hana. Akifungwa nira huchubuka shingo na mabega.

Kazi ya tatu ni ya kupanda. Wafadhili wanaotuma vifaa vya farasi kutoka nje wafahamu kwamba hata huko vinatofautiana. Tandiko la Kiingereza kwa kawaida lina mkanda mmoja. Wachunga ng'ombe wa magharibi mwa Marekani, waliorithi jina "cincha" la Kihispania, mara nyingi hutumia miwili. Wa mbele hukazwa. Wa nyuma huachwa ukigusa ngozi tu, ili tandiko lisinyanyuke ng'ombe aliyenaswa anapovuta kamba. Vifaa hivyo havikutengenezwa kwa ajili ya mkokoteni.

Kabla ya kununua au kupokea matandiko, kamati iulize:

1. Punda atabeba mgongoni, atavuta, au atapandwa?
2. Je, tandiko lina mito miwili inayouacha uti wa mgongo bila kuguswa?
3. Mkanda wa kifuani uko juu ya kiungo cha bega na chini ya koo?
4. Mikanda ni mipana na laini? Turubai, ngozi laini au magunia yaliyokunjwa yanafaa. Waya na kamba nyembamba za nailoni hukata ngozi.
5. Nani atakagua ngozi ya punda kila jioni?

Mkanda unaofaa unaweza kushonwa na fundi wa kijijini. Punda mwenye kidonda lazima apumzishwe hadi apone, na siku hizo zote mama hurudi kubeba ndoo kichwani. Basi katika bajeti, andikeni kazi ya kila mkanda, si jina lake tu.