Je, Wajua? Friji ya Chanjo na Kompyuta Isiyo na Umbo

Je, wajua kwamba Idete, kijiji cha Bonde la Kilombero upande wa Ifakara, kimo katika historia ya chanjo ya malaria? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoto wa huko wa mwaka mmoja hadi mitano walishiriki majaribio ya SPf66, chanjo iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1994: kinga ya asilimia 31. Majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga hiyo, na chanjo ikawekwa kando.

Kupata chanjo ni jambo moja, kuitunza ni jingine: chanjo nyingi za watoto hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Friji ya zahanati ikipata joto usiku kisha ikapoa alfajiri, kuitazama tu chupa hakutoshi kujua kilichotokea. Kihisi kidogo cha joto kitajua, mradi pawepo kompyuta ya kukisikiliza saa zote.

Je, wajua kwamba programu zinazowasha taa za sebuleni zinaiweza kazi hiyo? Mojawapo, Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ni ya bure na hufanya kazi humo humo ndani ya jengo, bila kutegemea intaneti. Bando likiisha au mnara ukizima, kihisi kinaendelea kupima na king'ora kinalia. Kwa bonde kama hili, naona hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote.

Wala haihitaji kompyuta yake peke yake. Kasha la diski linalohifadhi mafaili ya ofisi kupitia mtandao, likiwa na prosesa inayofaa na RAM ya kutosha, linaweza kubeba ndani yake kompyuta pepe: mashine isiyo na umbo, inayoamini ina diski na kumbukumbu zake. Wazo hili si la jana. IBM ililifanyia kazi Cambridge, Massachusetts, katika miaka ya 1960, ili watumiaji wengi wagawane mashine moja ya bei kubwa. Ila kifaa cha redio cha kunasa ishara za vihisi, kile kinachochomekwa kwenye USB, kompyuta pepe haikioni mpaka kikabidhiwe kwake katika mipangilio ya kasha. Wengi hukwama hapo.

Je, wajua kwamba MQTT, lugha ambayo vihisi vingi huzungumza, ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta? Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper walitaka ujumbe mwepesi, maana satelaiti ilikuwa ghali. Kichwa cha ujumbe wake huanzia baiti 2 tu.

Maji ya mito ya eneo hili huzalisha umeme mwingi: Kidatu megawati 204, Kihansi megawati 180. Hata hivyo umeme hukatika, na hapo ndipo hifadhidata ya vipimo inaweza kuharibika. Betri ya akiba iunganishwe na kasha kwa waya wa USB, ili chaji ikikaribia kwisha kasha liizime kwanza kompyuta pepe kwa utaratibu, kisha lijizime lenyewe.

Na diski mbili zinazonakiliana si chelezo. Hukuokoa diski moja ikifa. Radi ikipiga, zote mbili zimo kwenye kasha lile lile. Nakala ya kompyuta pepe ikae kwenye diski ya nje, iliyochomolewa, katika jengo jingine.