Emin Pasha wa Bagamoyo: Alikuwa wa Nani?

Usiku wa tarehe 4 Desemba, 1889, Wadachi walifanya karamu kubwa mjini Bagamoyo kuwapokea wageni waliotoka bara. Walikuwako Stanley na wenzake, na pamoja nao yule mtu ambaye Stanley alikwenda kumtafuta hadi kwenye ziwa Albert. Karamu ilipokuwa imepamba moto, mtu huyo, ambaye macho yake hayakuona mbali, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya kichwani. Stanley akavuka kwenda Unguja. Yeye akabaki Bagamoyo akiuguzwa kwa majuma mengi. Ndiye Emin Pasha.

Wadachi walimshangilia kuwa Mdachi mwenzao. Waingereza walikuwa wamemchangia fedha za kumwokoa kwa kuwa alikuwa liwali wa jimbo la Ikweta chini ya Misri. Watu wa Mrima walisikia jina la Kiislamu na cheo cha Kituruki. Lakini mtu huyu alizaliwa mwaka 1840 mjini Oppeln, katika nyumba ya Mayahudi, akaitwa Eduard Schnitzer. Baba yake alipofariki, mama yake aliolewa na Mkristo, na mtoto akabatizwa katika kanisa la Kilutheri angali mdogo. Akasomea uganga, akaingia katika utumishi wa Waturuki, na alipofika Khartoum mwaka 1875 alijiita Mehemet Emin. Aliwaandikia jamaa zake kwamba alitwaa jina tu.

Basi mtu wa namna hii ahesabiwe nini? Swali hili si la kupitisha wakati. Kwa sharia ya marabi jibu ni jepesi: mtoto wa mama wa Kiyahudi ni Myahudi, na hata akiritadi hatoki katika taifa lake, bali huhesabiwa mkosaji aliye ndani ya nyumba. Ubatizo wa utotoni haumwondolei kitu.

Ajabu ni kwamba Dola ya Israeli, iliyoundwa mwaka 1948, haikukubali jibu hilo. Mwaka 1962 mahakama yake kuu ilisikiliza madai ya Oswald Rufeisen, Myahudi wa Poland. Wakati wa vita alijifanya si Myahudi, akawa mkalimani wa polisi wa Kidachi katika mji wa Mir, na kwa hila hiyo akawawezesha Mayahudi wengi kutoroka kabla ya kuuawa. Alipojificha katika nyumba ya masista alibatizwa, na baadaye akawa mtawa. Aliomba uraia kwa haki ya Myahudi anayerejea kwao. Mahakimu walio wengi walikiri kwamba kwa dini ya Kiyahudi yeye ni Myahudi, kisha wakamkatalia, wakisema kwamba katika maneno ya watu wa kawaida Myahudi aliyeingia Ukristo haitwi tena Myahudi. Hivyo marabi walikuwa wapole kuliko mahakimu! Mwaka 1970 jambo hilo likaandikwa katika sheria: Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka, naye asiwe mfuasi wa dini nyingine.

Hapa kwetu Mrima mizani ni nyingine. Nasaba hufuata baba. Sayyid Barghash wa Unguja alizaliwa na suria wa Kihabeshi, wala hakuna aliyethubutu kusema kwamba si Al-Busaidi. Emin naye alifika Bagamoyo na binti mdogo, Ferida, ambaye mama yake alikuwa Mhabeshi. Kwa desturi ya pwani yule alikuwa binti wa Pasha, na habari ikaisha. Kwa sharia ya marabi hakuwa Myahudi hata kidogo. Baadaye alipelekwa Ujerumani kulelewa na shangazi yake. Babaye alikuwa amerudi bara mwaka 1890, na mwaka 1892 akauawa huko Kongo.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Salme binti Said, dada yake Barghash, alibatizwa Aden mwaka 1867, na tangu siku hiyo mlango wa ndugu zake ulifungwa. Damu ya babaye haikumfaa. Na papo hapo Bagamoyo, kuanzia mwaka 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu waliwapokea watoto waliokombolewa utumwani, wakawabatiza na kuwapa majina ya watakatifu. Hao hawakuulizwa mama wala baba, maana wengi wao wasingeweza kuwataja. Dini ndiyo iliyokuwa ukoo wao.

Jambo hili lingali hai jirani yetu. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari mashuhuri wa Uganda, alijitahiri pamoja na wanawe karibu na Mbale, akaanzisha jamii ya Abayudaya. Hakudai nasaba yoyote. Aliisoma Biblia akaamini. Alikufa mwaka 1928, watu wake wakaendelea kushika Sabato, na katika miaka ya Idi Amin, dini yao ilipopigwa marufuku, walisali kwa siri. Mwaka 2002 marabi wa madhehebu ya Conservative walikwenda kuwaongoa rasmi watu wapatao 400. Hata hivyo, mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilimnyima mmoja wao haki ya kuhamia huko.

Sisi twaona neno hilo “kuwaongoa” lina uzito wa peke yake. Mtu aliyeshika Sabato tangu kuzaliwa, akaificha Torati asije akakamatwa, aambiwa aingie majini ndipo awe Myahudi. Wengine walikubali kwa furaha, wakisema kwamba wanathibitisha tu kile walichokuwa nacho. Lakini wale wazee wa Mbale waliokufa kabla ya marabi kufika, waliozikwa kwa sala walizojifunza kwa Kakungulu mwenyewe, hakuna baraza lililoketi kuamua walikuwa wa nani.