Je, Wajua? Trekta la Marehemu

Safu ya leo ni ya yule aliyeachiwa trekta kuukuu na baba, babu au mjomba, awe Chiwata, Newala au Masasi mjini, na sasa kila anayepita uani anamwambia aliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Asiharakishe.

Je, wajua kwamba nambari 3.152 ya injini ya Perkins iliyomo kwenye Massey Ferguson 135 inajieleza yenyewe? Tatu ni idadi ya silinda, na 152 ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo, yaani karibu lita mbili na nusu. Dukani nambari hiyo itakusaidia kuliko kumwambia muuzaji kwamba trekta lako ni jekundu.

Je, wajua kwamba Massey Ferguson 135 lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, na kwamba hata 135 la mwisho kutoka kiwanda kile limeshatimiza nusu karne? Ukoo wake haukufa. Kampuni ya TAFE ya India na Millat ya Pakistan ziliendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huo kwa leseni, na kule Yugoslavia ya zamani IMT nayo ilitengeneza ya kwake kutokana na Massey Ferguson 35. Ndiyo maana spea nyingi za trekta la babu bado zinapatikana zikiwa mpya. Lakini zinafanana tu, si zote zinazoingiliana. Nenda dukani na kile kifaa cha zamani mkononi, ukilinganishe na kipya palepale kaunta kabla hujatoa hela.

Tena shukuru kwamba unaitafuta spea leo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mzigo wa barabara kutoka Dar es Salaam kuja Kusini ulivuka Rufiji kwa kivuko, na masika yalipokuja safari ilihesabiwa kwa siku.

Je, wajua kwanini ukizungusha ufunguo kuzima, trekta la zamani la dizeli linaendelea kuunguruma kana kwamba hujaligusa? Injini ya dizeli haiwashi mafuta kwa cheche ya umeme. Pistoni inaibana hewa mpaka hewa inapata moto wa kutosha kuyawasha mafuta yenyewe. Ili izimike, lazima ukate mafuta, na kazi hiyo ni ya kile kitufe cha kuvuta kilicho karibu na usukani. Mrithi asiyekijua anaweza kuita fundi kwa tatizo ambalo halipo.

Je, wajua kwamba kwenye Ferguson TE20 stata hupigwa kwa mkono wa gia? Unausogeza mpaka kwenye alama ya S, na injini inaanza kuzunguka. Mkono ukiwa pale, hauwezi kuwa kwenye gia nyingine, kwa hiyo trekta haliwezi kukurukia wakati wa kuwasha. TE20 zaidi ya 500,000 zilitengenezwa kati ya 1946 na 1956. Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest, alifika Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958 akiendesha Ferguson kama hizo, zilizofungwa minyororo.

Je, wajua kwamba jirani zetu wa Nachingwea waliona matrekta mengi kabla ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki? Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta mengine yalitokana na vifaru vya Sherman vya Vita Kuu ya Pili, ambavyo kampuni ya Vickers ilivigeuza na kuviita Shervick. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa reli kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea, pamoja na bandari ya maji marefu Mtwara. Mradi ulifutwa mwaka 1951, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Reli ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ndiyo iliyobaki, na leo inasafirisha korosho.

Mashine za mradi ule zilikuwa nyingi, fedha ilikuwepo, na bado ardhi ya Kongwa, ambayo hukauka ikawa ngumu kama tofali, ilizila plau na haro. Nalieleza hili kwa sababu huku kwetu adui wa trekta naye anatoka ardhini.

Je, wajua kwamba kwenye mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde, chujio la hewa ndilo linalopanga umri wa injini? Matrekta mengi ya zamani hayana chujio la karatasi. Yana bakuli la oili: hewa inavutwa, inagonga oili, vumbi linanasa humo, hewa safi inapanda kwenye silinda. Ni mtambo rahisi ajabu, nami naupenda kuliko chujio la karatasi, kwa kuwa hauhitaji kununuliwa upya. Unahitaji kuoshwa tu. Wakati wa kulima kiangazi, lifungue bakuli kila siku. Ukikuta tope chini, limwage, lioshe kwa dizeli, likaushe, tia oili safi hadi kwenye alama. Usipitishe alama! Oili ikizidi, injini inaweza kuinywa kama mafuta, ikapandisha mzunguko yenyewe, na hata ukivuta kitufe cha kuzimia isisikie. Na mpira unaounganisha chujio na injini ukipata ufa mdogo tu, kazi yote ya bakuli imepotea, kwani mchanga unapita pembeni kwenda kusaga ringi na kuta za silinda. Injini itaanza kutoa moshi na kukosa nguvu, na watu watasema "imezeeka".

Je, wajua kwamba maji ya mvua ni mazuri kwa rejeta kuliko maji ya chemchemi? Maji yanayotoka ardhini hubeba chumvi na chokaa, navyo huganda kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Mkazi wa Newala anaijua thamani ya maji. Juu ya uwanda mvua huzama mchangani, chemchemi hutokea chini kwenye miteremko, na wazee wetu walishuka na vyombo kuyafuata, mpaka mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyasukuma juu kwa pampu katika miaka ya 1950. Kwa hiyo kinga maji ya bati wakati wa masika, uyachuje kwa kitambaa, uweke dumu moja kwa ajili ya trekta peke yake. Injini ikichemsha shambani, izime, usifungue mfuniko wa rejeta, kaa kivulini. Maji ya baridi kwenye injini iliyochemka hupasua silinda hedi, na hedi iliyopasuka inaweza kugharimu kuliko shamba ulilokuwa unalilima.

Je, wajua kwamba trekta la dizeli lililoishiwa mafuta haliwaki hata ukilijazia tangi? Limeingia upepo. Legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, sukuma kile kijiti cha pampu ndogo kwa kidole mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Fanya hivyo kwenye pampu ya nozeli. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli huku mwenzako akipiga stata. Ni kazi ya spana mbili na uvumilivu.

Jaza tangi jioni, si asubuhi: tangi tupu usiku huvuta unyevu, na unyevu ukigeuka maji huozesha pampu.

Je, wajua kwamba kalenda ya korosho humponza mwenye trekta? Minada ya korosho huanza Oktoba, na fedha zikifika mikononi mvua ya kwanza nayo inakaribia. Kila mtu anamtafuta fundi wiki hiyohiyo. Anayeuza ufuta Juni au Julai ana nafasi nzuri zaidi. Hela ya ufuta ikatwe fungu la oili, filta na mkanda wa feni, trekta lifunguliwe wakati mafundi hawana foleni.

Je, wajua kwamba mizizi ya mkorosho hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikapita hata kivuli cha matawi yake? Plau likizamishwa sana kati ya mikorosho linakata mikono inayoulisha mti. Pita juujuu, kwa haro. Na kama shamba lina visiki, plau la diski linafaa kuliko la jembe, kwa sababu diski hupanda juu ya kisiki na kuteremka.

Je, wajua kwamba shafti ya PTO, ile inayochomoza nyuma, ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida ya mizunguko 540 kwa dakika inakamilisha mizunguko tisa kila sekunde? Kanga au kanzu ikinaswa, hakuna muda wa kupiga kelele.

Usitafute tundu la bomba la haidroliki kwa kidole. Oili inayotoka kwa nguvu hupenya ngozi bila kuacha jeraha kubwa, na mkono unaoza ndani kwa ndani. Tumia kipande cha boksi. Ikikupenya, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama huumwi.

Je, wajua kwamba tela la tani tatu hubeba magunia 37 ya korosho ya kilo 80, na kwamba mzigo huo una uzito kama mara mbili ya trekta lenyewe? Sasa fikiria mteremko wa kutoka Newala upande wa Shimo la Mungu. Tela nyingi hazina breki. Teremka kwa gia ndogo tangu juu, usiweke huru hata kidogo, na pedali mbili za breki ziungane kwa kile kichuma chake, kwani ukikanyaga moja peke yake trekta linageuka ghafla.

Tambarare nako kuna kifo. Mnyororo wa kung'olea kisiki ukifungwa juu ya ekseli, pua ya trekta hunyanyuka na trekta humwangukia dereva kwa nyuma. Funga kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, basi. Sweden ilianza kulazimisha fremu ya kumkinga dereva mwaka 1959. Trekta la babu huenda halina. Fundi wa kuchomelea asikubunie tu; fremu lazima ifungwe kwenye ekseli kwa boliti za kazi hiyo.

Je, wajua kwamba Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa jadi hufuata ukoo wa mama, na mali ya mwanamume ilimwendea mpwa? Leo watoto nao wanasimama kudai, na trekta halikatwi vipande. Kikao cha ukoo kikae mapema, msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama, kadi ibadilishwe jina TRA. Trekta likisimama misimu mitatu likisubiri ugomvi uishe, maji yanaingia kwa bomba la moshi, pistoni zinashika kutu ndani ya silinda. Likishafika hapo, usilivute kwa gari ili liwake, utapinda koni rodi. Tia mafuta laini kwenye silinda, acha siku kadhaa, zungusha injini kwa mkono taratibu.

Kama kwenu lipo moja limesimama chini ya mwembe wakati wakubwa wanajadiliana, tafadhali, leo hii kabla jua halijazama, tafuta kopo tupu ulifunike lile bomba la moshi.