Nduthi Yako Inatoa Moshi wa Bluu? Hiyo ni Doh Yako Inachomeka

Wasee wa boda, hii ni yenu. Pita Kirinyaga Road, hukosi kupata msee ameshika bloki kwa mkono akiuliza bei ya pistoni. Nduthi imekufa na loni bado ina miezi. Na mara nyingi haikufa siku moja. Ilikuwa inakufa pole pole, na dalili zilikuwa hapo.

Kwanza elewa nini huliwa. Ndani ya silinda kuna pistoni. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo pistoni inapanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Imevaa ringi tatu: mbili za juu zinashikilia presha, ya chini inapanguza oili. Chuma haifai kugusa chuma. Katikati kuna utandu mwembamba sana wa oili, na huo ndio unakulinda. Silinda huliwa zaidi karibu na juu, mahali ringi ya kwanza hugeukia, juu huko joto ni kali, presha iko juu na oili ni kidogo.

Maadui ni watatu

Wa kwanza ni oili imechoka. Nduthi nyingi za mtaani, iwe Boxer ama TVS, hubeba kama lita moja tu, na hiyo lita inafanyia kazi injini, gia na klachi. Ikizeeka inakuwa nyepesi, inajaa masizi na unga wa chuma. Na usiweke oili yoyote ya gari juu ni ya bei poa. Zingine ziko na dawa za kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza. Angalia kama chupa imeandikwa JASO MA ama MA2.

Wa pili ni vumbi. Chujio la hewa likitoboka, ama ukilitoa ndio "ipumue", mchanga unaingia ndani na kufanya kazi ya msasa.

Wa tatu ni petroli chafu. Zamani mafuta ya taa yalikuwa bei ya chini, wakora wakawa wanachanganya na petroli na dizeli. Ndio maana 2018 serikali iliweka ushuru wa bob 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, tofauti ya bei ipungue. Mafuta ya taa kwa injini ya petroli hayachomeki vizuri. Yanaosha oili kwa ukuta wa silinda, yanashuka chini na kuharibu oili yote, na injini inaanza kugonga. Petroli ya chupa kando ya barabara huwezi jua imechanganywa na nini. By the way, choki ukiisahau ikiwa imevutwa, hata petroli safi huosha oili vile vile.

Sasa hesabu

Tuseme unapiga kilomita 120 kwa siku, na nduthi ikiwa fiti inaenda 40 kwa lita. Hiyo ni lita 3. Ringi zikichoka, presha inavuja, inaenda 32 kwa lita. Sasa unahitaji lita 3.75. Petroli ikiwa bob 180, umeongeza bob 135 kila siku. Siku 26 za kazi, hiyo ni bob 3,510 kwa mwezi. Oili nayo ikiwa soo saba na unabadilisha mara mbili kwa mwezi, ni bob 1,400. Ukiruka mara moja "ku-save" soo saba, unatafuta hasara ya thao tatu na nusu. Na hapo hatujahesabu bloki, wala siku umekaa bila kazi na mwenye nduthi anataka hesabu yake.

Usichezwe na fundi

Moshi wa bluu ni oili inachomeka. Ukitoka tu asubuhi ukiwasha halafu unaisha, inaweza kuwa ni sili za valvu, si ringi. Usikubali bloki ifunguliwe haraka. Moshi mweusi ni petroli nyingi ama chujio limeziba. Kama kick imekuwa laini, mwambie fundi apime presha. Akitoa plagi, aweke oili kidogo ndani ya silinda na apime tena. Presha ikipanda, ringi ama silinda zimeliwa.

Hapo pia uwe macho. Silinda ikiwa imepanuka na kuwa yai, ringi mpya pekee hazitashika. Moshi utarudi na utalipa mara mbili. Inafaa ipelekwe kwa mashine ipanuliwe, kwa mfano milimita 0.25 ama 0.50, halafu inunuliwe pistoni ya saizi hiyo hiyo. Mwambie fundi apime silinda mbele yako kabla ununue chochote.

Ukishafungiwa, siku za kwanza usiikaze, usibebe mizigo mizito, na umwage ile oili ya kwanza mapema, iko na unga wa chuma. Kila asubuhi, kabla upige kick, angalia oili. Ni dakika moja tu, na haikugharimu hata ashuu.