Takwimu za Bajeti Kuwa Grafu: Mkazi Aanzie Wapi?

Kila mwaka, kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha wananchi. Hata hivyo, nyaraka za bajeti huwa majedwali kurasa kwa kurasa, na mkazi anayezipata siku ya mkutano hawezi kulinganisha wadi yake na nyingine kwa haraka. Grafu humwonyesha tofauti hiyo mara moja, na kuitengeneza hakuhitaji pesa.

Plotly ni nini?

Plotly ni maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo mtu huyatumia badala ya kuanza upya. Ilitokana na kampuni ya Montreal, Kanada, na hutumika bila ada pamoja na lugha ya Python. Grafu yake si picha tu: mtu akigusa nguzo, idadi kamili hujitokeza, na anaweza kuvuta karibu sehemu anayotaka.

Jinsi ya kuanza

Njia rahisi ni Google Colab, inayofunguka kwenye kivinjari. Kinachohitajika ni akaunti ya Google na intaneti. Python na Plotly tayari zimo. Mfano huu unatumia idadi ya wakazi wa kaunti sita za Pwani kulingana na sensa ya 2019:

import plotly.express as px
kaunti = ["Mombasa", "Kwale", "Kilifi", "Tana River", "Lamu", "Taita Taveta"]
wakazi = [1208333, 866820, 1453787, 315943, 143920, 340671]
grafu = px.bar(x=kaunti, y=wakazi)
grafu.show()

Mstari wa kwanza unaita maktaba. Wa pili na wa tatu unaweka majina na idadi kwa mpangilio uleule. Wa nne unachora nguzo, na wa mwisho unazionyesha. Idadi huandikwa bila koma ndani yake. Mara moja huonekana kwamba Kilifi inaishinda Mombasa kwa wakazi, na ni takriban mara kumi ya Lamu.

Ili kuhifadhi grafu, huongezwa mstari huu:

grafu.write_html("wakazi.html")

Faili hiyo ikishapakuliwa hufunguka hata pasipo intaneti, hivyo inaweza kutumwa kwa wakazi wengine kabla ya mkutano.

Mambo ya kuchunga

Kwanza, nguzo za Plotly huanzia sufuri, lakini grafu ya mstari huenda isianzie hapo, na ongezeko dogo likaonekana kama mlima. Hili hurekebishwa kwa agizo grafu.update_yaxes(rangemode="tozero"), linalowekwa kabla ya grafu.show().

Pili, wadi yenye mgao mkubwa huenda pia ina watu wengi. Mgao ugawanywe kwa idadi ya wakazi ndipo ulinganisho uwe wa haki.

Tatu, fedha zilizotengwa si lazima ziwe zimetumika. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinazotolewa kila robo mwaka, huonyesha matumizi halisi ya kila kaunti. Chanzo cha takwimu na mwaka wake viandikwe kwenye grafu.

Nne, orodha za walionufaika na basari au misaada zisiwekwe pamoja na majina au nambari za vitambulisho. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za watu binafsi.

Mkazi asiyepata takwimu anazohitaji anaweza kuziomba, kwa kuwa Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Vijana wenye ujuzi wa kompyuta wanahimizwa kuwasaidia wazee na vikundi vya wadi zao kutayarisha grafu hizi mapema, ili swali linaloulizwa mkutanoni liwe na tarakimu zake.