Wimbo wa Zamani Ukiimbwa Upya, Umeharibiwa?

Huku kwetu Bagamoyo ugomvi huu tunao kila harusi. Vijana wakipiga wimbo wa zamani kwa gitaa na kinanda, wazee hunung'unika: "Mmeuharibu!" Vijana nao hujibu: "Wimbo ni ule ule, tumeutengeneza tu." Nani mkweli? Hebu tumtazame Bi Kidude wa Unguja.

Jina lake hasa ni Fatuma binti Baraka. Kabla yake alikuwapo Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu. Mwaka 1928 Siti alivuka bahari na wenzake hadi Bombay, India, wakarekodi santuri. Alifariki mwaka 1950.

Bi Kidude alizishika nyimbo za Siti kwa kuzisikiliza. Mmoja ni "Muhogo wa Jang'ombe". Lakini yeye alikuwa pia mpiga msondo na mwalimu wa unyago. Basi hata katika taarabu sauti yake ilibaki ya ngomani: nzito, ina mikwaruzo, wala haingoji fidla. Wimbo ukawa mwingine, na bado ni ule ule.

Inakuwaje hivyo? Anayepanga wimbo upya hugusa mwendo wake, akauharakisha au akauvuta. Hubadili vyombo: palipokuwa na udi anaweka gitaa. Anaweza kurudia ubeti mmoja mara tatu, au kunyamaza watu wanapotazamia aimbe. Kinachobaki ni ile sauti ya msingi, ambayo mama akipepeta mchele anaweza kuifuata kwa mdomo uliofungwa. Hiyo ikipotea, hapo wazee wana haki ya kununa.

Hata chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981, hufanya hivyo. Ngoma ya kijijini inayokesha hupunguzwa, ikawa ya dakika chache jukwaani.

Sisi tunaona kosa haliko kwenye gitaa. Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akajulikana Ulaya nzima, akafariki tarehe 17 Aprili 2013. Leo wapo vijana wanaodhani "Muhogo wa Jang'ombe" ulianza kwake. Siti wamemsahau, ati!

Harusi ijayo, kabla hamjanung'unika, waulizeni vijana wimbo ule wameupata kwa nani. Wakisema "redioni", wavuteni mkekani muwasimulie habari za yule muuza vyungu wa Fumba.