Bustani ya Mawe Isiyohofu Kiangazi

Nyumba nyingi za Kampala zimesimama kwenye miteremko ya vilima. Mvua za Machi hadi Mei huchukua udongo hata misingi ya kuta ikabaki wazi. Na ifikapo Januari, maua yaliyonunuliwa kwa fedha nyingi hunyauka. Bustani ya mawe hupunguza hasara zote mbili, iwapo familia itachagua mimea ya kudumu ya asili ya nchi.

Wa kwanza ni mshubiri, uitwao kigagi kwa Kiganda, ambao majani yake manene huweka akiba ya maji. Wa pili ni mkonge mwitu, wenye majani yaliyosimama kama panga na mashina yatambaayo ardhini yakishika udongo.

Kila jiwe lifukiwe theluthi moja, likiinamia upande wa kilima. Udongo uchanganywe na mchanga na kokoto, kwani mshubiri huuawa na maji yaliyotuama upesi kuliko ukame. Machipukizi yaombwe kwa jirani, yasing'olewe porini. Yawekwe kivulini siku chache hadi kidonda kikauke, ndipo yapandwe.

Askari akihamishwa ataiacha bustani, lakini chipukizi moja ndani ya kopo litasafiri naye.